Unga Uliochemka Bila Moto

Yai la kwanza lisilo na ganda nililiokota mwenyewe, asubuhi, nikadhani nimeshika utumbo. Lilikuwa na joto bado, laini, ngozi tupu, likabonyea mkononi. Nikalifunga kwenye ncha ya khanga ili mama mkwe asilione. Kesho yake yakawa mengi, na keshokutwa yeye mwenyewe akaniletea moja kwenye kikombe.

"Mwanangu," akasema, "hawa kuku wako wanataga au wanatapika?"

Mimi si mtu wa Chemba. Kwetu ni Kibakwe, milimani, kwenye maharage na baridi. Niliolewa kijiji kimoja si mbali na Chemba mjini, nikazaa, watoto wakakua wakaenda zao. Mume wangu akafa na lori la alizeti lililopinduka, nikabaki na mama yake. Watu walinishangaa. Mjane anabaki na mama mkwe, anatafuta nini? Rudi kwenu. Na si kwamba yule mama hakuwa na mtoto mwingine. Wifi yangu, binti yake wa kumzaa, nyumba yake ilikuwa hatua chache tu kutoka kwetu. Lakini mama alikula kwangu, alilala kwangu, na akiumwa tumbo mikono iliyomsafisha ni hii.

Yeye alikuwa na haja moja iliyobaki duniani. Alitaka afie pale pale na azikwe kando ya mumewe, nyuma ya nyumba. Alishaacha nafasi na kuizungushia mawe, na mbuzi wakipita hapo aliwafukuza kama mtu anayelinda shamba. Alikuwa akiniambia, "Wasije wakanipeleka mjini kwa wajukuu. Ukiona nimezidiwa, nifungie mlango nife. Hapa napajua."

Ndiyo sababu nilifuga kuku wa mayai. Nasema hivi kwa kuwa watu walisema mengine baadaye. Mvua za kule unazijua, zinakuja kama mgeni asiyependa kukaa. Mtama ukikauka miaka miwili mfululizo, mzee anachukuliwa na ndugu wa mjini, anawekwa kwenye chumba cha nyuma, ndiyo basi. Kuku walikuwa wanatulisha. Wakitaga, mama anakaa kwake. Wasipotaga, mama anahama. Nilikuwa na hesabu hiyo moja tu kichwani, na kwa elimu yangu ya darasa la nne ilinitosha.

Baada ya mayai ya ngozi wakaanza kuku wenyewe. Unamkuta amelala ubavu, miguu ameinyoosha nyuma, macho mazima, anataka kula ila hawezi kusimama. Mmoja nilimnyanyua nimpeleke kivulini, nikasikia mguu umevunjika ndani ya kiganja changu. Sikumbana. Nilimshika kama unavyomshika mtoto.

Nikampigia simu bwana mifugo. Alikuwa kijana mwenye adabu, ana pikipiki ya serikali na viatu vinavyong'aa hata wakati wa vumbi. Alimsalimia mama mkwe shikamoo akiwa ameinama kabisa, na mama alimpenda kwa hilo. Akaingia bandani, akawashika vifua, akawatazama miguu. Akatuambia kwamba ganda la yai ni chokaa, na kuku lazima aipate kwenye chakula. Asipoipata haachi kutaga mara moja. Anachukua chokaa iliyoko kwenye mifupa yake mwenyewe, anaitoa kidogo kidogo anaivalisha yai, mpaka mifupa inabaki mitupu.

"Anajibomoa," mama mkwe akasema.

"Ndiyo, bibi. Anajibomoa."

"Kama mwanamke," akasema mama, na yule kijana akacheka kwa aibu.

Mimi nikamwambia chokaa ninawapa. Sikuwa mjinga hivyo. Nilikuwa nanunua kwenye duka la vyakula vya mifugo pale Chemba, unga mweupe kwenye mfuko wa nailoni, mwenye duka anakupimia kwa kopo. Nilikuwa nachanganya kwenye pumba na mashudu kama nilivyofundishwa. Nikamletea mfuko. Akachovya kidole, akaonja, akatema. Kisha akaomba ndimu.

Mama akampa ndimu na kisu. Akamwaga unga kidogo kwenye kifuniko cha sufuria, akakamulia ndimu juu yake. Tukainama wote watatu kutazama. Hakuna kilichotokea. Unga ukalowa ukawa tope.

"Sasa nipeni ganda la yai."

Nikamtafutia ganda jikoni, akalisaga kwa chini ya glasi, akalikamulia ndimu. Likaanza kutoa mapovu, likanong'ona kabisa, vipovu vidogo vidogo vikipanda na kupasuka. Mama mkwe alipiga magoti ili aone vizuri.

"Linachemka," akasema. "Bila moto."

"Hiyo ndiyo chokaa, bibi. Ile ya dukani ni udongo. Ni huu mweupe mnaopakia nyumba."

Basi, kati ya wale ninaowalaumu, huyo wa kwanza mmemwona. Mwenye duka. Alikuwa anatuma watu korongoni kuchimba udongo wa bure, anaukausha, anauchekecha, anatuuzia. Kuku wangu walikuwa wanajivunja miguu kwa ajili ya udongo ambao ningeuchota mwenyewe kwa jembe.

Bwana mifugo akasema chokaa ya kweli ningeipata Dodoma, lakini kuku hawangesubiri. Akatufundisha kutumia maganda ya mayai. Kwanza uyachemshe yasilete ugonjwa, uyaanike, uyakaange kidogo kwenye chungu, kisha uyatwange. Usiyatwange mpaka yawe unga, yabaki chenga kama za mchele, maana chenga hukaa tumboni mwa kuku taratibu. Na uyaweke kwenye chombo chake peke yake, usichanganye na chakula, kuku mwenyewe anajua akihitaji. Yawekwe jioni, kwa sababu ganda la yai hujengwa kuku akiwa amelala. Wadogo ambao hawajaanza kutaga wasipewe, wataharibika figo.

Sisi tulikuwa tunauza mayai mazima, maganda hatuna. Maganda yako kwa wauza chipsi. Nikawa naenda Chemba kila nikipeleka mayai, nazunguka kwenye vibanda vya chipsi mayai na kiroba mkononi, naomba maganda ya jana. Walinitania wale vijana.

"Mama, tunakuuzia chipsi hutaki, unataka taka."

"Mpe bwana. Leo maganda, kesho atataka moshi."

"Huyu anatuletea mayai asubuhi, jioni anakuja kudai nguo za mayai."

Nilicheka nao. Sikuona ubaya. Kule Chemba ganda la yai la mtu mwingine watu wengi hawapendi kuliokota, wala hawapendi liokotwe la kwao, wanasema ndipo mtu anapochezewa uchawi. Hilo nilikuwa nalijua. Lakini nilidhani ni mambo ya wazee wa zamani, tena nilikuwa na kuku waliolala ubavu.

Kazi ya kutwanga aliichukua mama mkwe. Sikumwomba. Aliweka kinu chake uani, akakaa kwenye kigoda, na kila alasiri ulisikia mchi wake, polepole, unaanguka kama mtu anayekumbuka kitu. Alikuwa anachekecha kwa ungo wa zamani, chenga anaweka kwenye ndoo, unga mwembamba unabaki unampaka mikono mpaka viwiko. Jua likianza kushuka alijikongoja hadi bandani na ndoo yake, akawamiminia kwenye chombo chao, akawa anaongea nao kwa lugha yake. Kwao ni upande wa wale wanaosema kwa kudonoa ulimi kwenye kaakaa mpaka unalia, na mimi kwa miaka yote ile niliokota maneno machache tu. Kula. Njoo. Maji. Lala.

Na kuku walipona. Si wote, waliokwisha kuvunjika tuliwachinja. Lakini waliobaki walisimama, wakaanza kutaga yai gumu, unalipiga kwa kucha linalia. Mama alikuwa analishika yai anagonga nalo meno yake ananiangalia. Nadhani huo ulikuwa mwezi wake wa mwisho wa furaha.

Alipokuja jirani kulalamika kuhusu kuku wake, mama alimwonyesha ile ya ndimu. Jirani naye akaenda kuleta unga wake wa dukani, wakaukamulia, ukakaa kimya. Akaja mwingine. Ikawa mchezo pale uani, watu wanaleta mifuko yao, mama anakamua ndimu kama mganga wa meno, wanacheka. Tuliwaokolea kuku wao, na hakuna aliyelipishwa hata kikombe cha maji.

Mwenye duka akanikuta sokoni. Alikuwa ananiita dada siku zote.

"Dada, umeamua kunifungia duka?"

"Duka umelifunga mwenyewe, bosi. Wewe unauza udongo."

"Nani kasema ni udongo? Yule bibi yako?"

"Ndimu ndiyo imesema."

Akanitazama, akatabasamu, akasema kwa sauti ya watu wote wasikie, "Unga unachemka bila moto, mama mkwe na mkwewe wamejifungia uani, wanatwanga maganda ya mayai ya watu. Halafu mimi ndiye mwenye makosa." Wauza nyanya wakacheka. Nami, sijui kwa nini, nilicheka pia.

Haikupita muda mrefu mjukuu wa wifi akaugua. Katoto ka kike, kalikuwa kameanza kutembea. Homa ilikashika. Nilimwambia wifi, mpeleke kituo cha afya, akasema atapona, akampaka mafuta. Nikamwambia tena, akampeleka kwa mtu wa mizizi. Walipokuja kukafikisha kituo cha afya kalikuwa hakafumbui macho. Kakafa. Mama mkwe alilia mpaka sauti ikakatika, maana ni kitukuu chake, alikuwa anakabeba mgongoni na uzee wake ule.

Wifi ndiye wa pili. Mtu akiwa na msiba husamehewa maneno, najua. Lakini maneno ya wifi hayakuwa ya msiba. Kabla hata ya kuondoa matanga alikuwa anasema kwamba mtoto alichezea ndoo ya unga wa mama. Alichezea, kweli. Alikuwa anashika chenga anazirusha kuku wanakimbilia, na bibi anacheka. Wifi mwenyewe alikuwepo, alicheka. Sasa ikawa ndiyo sababu. Wifi hakutaka kusikia mtu akisema homa, kwa kuwa homa ingemrudia yeye na yule mtu wake wa mizizi.

Mwenyekiti wa kitongoji akaitisha mkutano. Akasema vifo vimezidi, mvua imekimbia, kijiji kisafishwe. Walikuwa wameshapanga kuwaita lambalamba, wale watu wanaozunguka vijijini wanafichua wachawi. Serikali imewapiga marufuku, kila mtu anajua, mwenyekiti anajua kuliko wote. Kila kaya ikachanga. Nasi tulichanga, kwa sababu asiyechanga ameshajitangaza. Mwenye duka alitoa mbuzi.

Nikapanda bodaboda nikaenda ofisini kwa bwana mifugo. Nilimkuta peke yake anakunywa chai.

"Mtaalamu, mama yangu watamuua kwa ajili ya maganda yako."

"Usiseme hivyo, mama."

"Njoo uwaambie. Wewe ndiye uliyetufundisha. Wewe ni serikali."

Akaweka kikombe chini. "Nitakuja. Nitawaeleza, wataelewa. Ni jambo la dakika mbili, mama, ni sayansi ya kawaida tu."

Niliporudi nilimwambia mama mkwe kwamba yule kijana atakuja. Nilikuwa nimeshamwambia mara nyingi twende Kibakwe tukapumzike kwa dada yangu mpaka wale watu wapite. Alikataa. Akasema, "Nikitoka sitarudi. Wataipiga plau hii sehemu." Akarudi kutwanga. Jirani zetu wakausikia mchi.

Walikuja mchana kweupe, watu hawajifichi kwa jambo kama hilo. Vijana na ngoma na filimbi, na mkubwa wao amevaa miwani ya jua na mikia ya ng'ombe mikononi, mtu wa kuja, hana mizizi wala shamba pale. Kijiji kizima kilijaa uani kwetu. Waliingia ndani wakatoa kila kitu nje, vyungu, magodoro, nguo za marehemu mume wangu. Mwisho wakatoa ndoo ya chenga na kinu.

Mkubwa akauliza, "Hii ni nini?"

Mama akajibu, "Chakula cha kuku." Watu wakacheka.

"Bibi, kuku anakula mayai?"

"Anakula ganda. Apate nguvu ya kutaga."

"Mmesikia wenyewe. Kuku wa hapa wanakula watoto wao." Wakacheka tena. Nilimwona hata yule jirani tuliyemwokolea kuku anacheka.

Ndipo mwenye duka akatoka kati ya watu na ndimu. Alikuja nayo mfukoni. Alimkabidhi yule wa miwani, wala hakusema neno. Yule akamwaga chenga kwenye sinia, akakamua. Mapovu yakapanda. Na watu ambao walishaona jambo hilo hapo hapo uani, wakiwa na mifuko yao, wakashika midomo wakarudi nyuma kama wanaona kwa mara ya kwanza. Mwanamke mmoja akaanguka akapiga kelele. Wifi akaanza kulia jina la mjukuu wake.

Bwana mifugo alikuwepo. Alikuja, sitasema uongo. Alikuwa nyuma kabisa, amekaa juu ya pikipiki, kofia ngumu mkononi. Nikamwita kwa nguvu, "Mtaalamu, waambie."

Watu wakageuka. Akashuka kwenye pikipiki. Akasema, "Kitaalamu, ndugu zangu, ganda la yai lina madini ya..."

Mwenyekiti akamkata. "Mtaalamu, leo yupo mtaalamu mwingine. Wewe wako ni ng'ombe."

Kicheko kilikuwa kikubwa. Yule kijana akacheka kidogo pamoja nao, akaangalia viatu vyake. Nikamwita tena. Akavaa kofia. Nilimwona akiivaa, akifunga mkanda chini ya kidevu vizuri, bila haraka. Pikipiki ikawaka, ikaondoka. Akiulizwa leo atasema alikuwa peke yake na watu walikuwa wengi. Ni kweli. Mama mkwe naye alikuwa peke yake.

Wakamkalisha chini. Wakamnyoa nywele kwa wembe mmoja huo huo waliowanyolea watuhumiwa wengine, wakamchanja kichwani na kifuani, wakampaka dawa yao nyeusi. Nilienda kumshika. Mtu alinipiga na mti, mkono wangu wa kushoto ukavunjika juu ya kiwiko, na haunyooki mpaka leo. Wakamnywesha kitu kwenye kata. Alitapika, wakamnywesha tena. Akaanza kusema kwa lugha yake, neno moja, anarudia na kurudia, ulimi ukidonoa.

Yule wa miwani akasema, "Anaita mizimu yake. Msimsikilize."

Alikuwa anaomba maji. Hilo lilikuwa moja ya maneno yangu machache. Na pale uani zaidi ya nusu ya watu walikuwa wamezaliwa na lugha hiyo, walinyonya nayo, wifi yangu akiwa wa kwanza. Walimsikia mwanamke mzee akiomba maji, wakasimama wakamtazama. Nikasema kwa Kiswahili, anataka maji. Hakuna aliyesogea. Hao siwezi kuwataja mmoja mmoja, ila kila nikisalimiana na mtu wa kule huwa namwangalia mdomo.

Mwenyekiti akatangaza kwamba bibi ataondoka kijijini kabla jua halijazama, la sivyo nyumba itachomwa naye akiwa ndani. Akasema ni kwa usalama wake.

Kuku wakawakamata wote. Nilidhani watawachoma moto, maana ni kuku wa mchawi, wamelishwa uchawi. Wapi. Waliwachinja wakawapika, ngoma inapigwa. Nikiwa nimekaa barabarani na mkono wangu uliovimba na mama aliyenyolewa kichwa amefunikwa khanga, harufu ya supu ilitufuata mpaka lori lilipotuchukua. Naambiwa mwenye duka alipewa mapaja.

Polisi walikuja baadaye. Lambalamba walikuwa wameshavuka wilaya. Mwenyekiti akaandikisha kwamba ni vijana wa kutoka mbali, yeye alijaribu kuwazuia. Wifi hakuona kitu, alikuwa na msiba. Bwana mifugo, nilivyoambiwa, alisema alikuwa na kazi ya chanjo kata nyingine.

Tulifikia Ihumwa, kwa mwanangu wa kwanza, aliyepanga vyumba viwili huku kando ya mji wa Dodoma. Vidonda vya mama vya kichwani viliota usaha. Hospitali walisafisha, wakampa dawa, vikafunga vingine, vingine vikakataa. Nywele zilirudi nyeupe kama pamba na yeye mwenyewe akawa anapungua chini yake. Alikuwa hali. Alikaa mlangoni juu ya ndoo iliyogeuzwa, watu wa mjini wanapita hawamwoni, treni inapita hashtuki. Kila asubuhi ananiuliza, "Tunarudi leo?"

"Bado, mama. Barabara mbaya."

"Mvua imenyesha?"

"Imenyesha."

Haikuwa imenyesha. Nilikuwa namdanganya hivyo hivyo kila siku, na yeye nadhani alijua, ila ilimfaa.

Alipoanza kutokunyanyuka nikampigia wifi. Nilijilazimisha, kwa ajili ya ahadi.

"Wifi, mama anakwisha. Nimlete afie kwake."

Nikasikia watoto wanacheza upande wake wa simu.

"Watu hawajapoa, wifi."

"Watu gani? Nyumba yetu wewe ndiye unayeishika sasa. Ukisema aingie, ataingia."

"Mwenyekiti amesema asubiri."

"Kifo hakina subira ya mwenyekiti wako. Basi hata akifa. Nilete mwili, alale pale alipopaacha."

"Wataufukua," akasema. "Unataka waufukue?" Kisha akasema salio linaisha, na mimi ndiye niliyekuwa nimepiga.

Alikufa mchana, nikiwa nachemsha uji. Alinishika mkono ule mbovu, akasema kwa lugha yake neno la kulala, akalala.

Bwana mifugo alinitumia ujumbe. Pole mama, Mungu ampumzishe kwa amani. Ujumbe mzuri, hauna kosa hata moja.

Tukamzika kwenye makaburi ya huku, kati ya watu asiowajua. Wifi alikuja, na wachache kutoka kijijini, hata mwenyekiti alituma mtu wa kumwakilisha. Sasa wamekuja. Wifi alikuwa na karatasi ya wasifu, akampa mwinjilisti asome: alizaliwa wapi, aliolewa na nani, ameacha watoto na wajukuu wangapi. Mwinjilisti akafika mahali pa mwisho akasoma kwamba marehemu alikuwa akisumbuliwa na uzee, na aliugua kwa muda mfupi.

Nikasema, "Hapo si kweli."

Mwanangu akanivuta khanga. Nikasimama kwenye udongo uliochimbwa, nikasema mimi. Sikujua kupanga maneno. Nilimtaja mwenye duka kwa jina lake na la baba yake, na nikasema alituuzia udongo akaleta ndimu mfukoni. Nikamtaja mwenyekiti. Nikamtaja kijana wa pikipiki. Nikamtaja wifi akiwa amesimama pale, nikasema mama yako aliomba maji kwa lugha uliyonyonya, ukaelewa, ukamtazama tu. Hapa majina nimeyaacha, pale makaburini sikuyaacha hata moja. Mwinjilisti alikunja karatasi akaanzisha wimbo, watu wakaufuata kwa chini chini, vijana wakashika makoleo. Wifi hakunipa mkono, akaondoka na gari la jioni.

Sasa nina kuku wachache tena hapa Ihumwa. Chokaa nanunua mjini, nzito, nyeupe, naikamulia ndimu kabla ya kulipa, na muuzaji akichukia naondoka. Maganda sitwangi.

Mtu wa kule aliyepita juzi kununua mayai aliniambia nyumba yetu imebomolewa matofali. Nikamuuliza kuhusu nyuma ya nyumba, yale mawe kando ya kaburi la baba mkwe. Akasema hajaona mawe, ameona alizeti tu. Wifi ameilima sehemu yote mpaka kwenye kaburi, na mwaka huu imestawi.